Mtaa wako una maji, ama una mitungi tu?

Saa kumi na moja alfajiri, Mtongwe. Adhana haijamalizika, simu yako ina chaji asilimia tisa, na mtu ashagonga dirisha: "Maji yamekuja!" Unaruka kitandani kama uliyeambiwa nyumba inaungua. Unabeba mitungi minne ya manjano, unakwenda mbio hadi kwa jirani mwenye mfereji, na huko unakuta foleni ishapinda kona. Mbele yako kuna mitungi thelathini na kitu. Wenyewe wengine hawapo. Wamerudi kulala na kuiacha mitungi iwapangie foleni. Na mtungi una heshima yake hapa. Jaribu kuusogeza wa mwenzio uone.

Kama hujawahi kuishi hivyo, pengine unakaa upande ule wa mji ambako mtu hufungua mfereji akapiga mswaki huku mawazo yako kwingine. Shukuru. Lakini kama unaijua foleni hiyo, iwe ya Mtongwe, Mishomoroni au Chaani, basi kuna jambo moja nataka tuzungumze. Kwa hesabu zinazotumika duniani, yawezekana kabisa kwamba wewe unahesabiwa kuwa mtu aliye na maji.

Ndiyo. Wewe huyo huyo mwenye mitungi minne.

Kwenye karatasi, sote ni wa mjini

Hebu tuanze na karatasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kisauni walikuwa 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Jumlisha hao watatu upate 674,170, yaani zaidi ya nusu ya kaunti nzima, na wote wako upande wa bara, nje ya kisiwa. Tena kwenye sensa hiyo Mombasa, kama Nairobi, imeandikwa kuwa ya mjini yote. Mashambani haina. Nenda Mwakirunge, ambako mtu analima mihogo nyuma ya nyumba, umwambie kwamba yeye ni mtu wa mjini asilimia mia. Atakucheka.

Sasa kwa nini jambo hilo lina maana? Kwa sababu maji hupimwa hivyo: mjini kivyake, mashambani kivyake. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF hutoa hesabu ya pamoja ya nani ana maji na nani hana. Kwa Kenya, hesabu yao ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba takriban asilimia 87 ya watu wa mijini walikuwa na maji ya kunywa ya kiwango cha msingi, na mashambani takriban asilimia 52. Ukisoma haraka unafunga kurasa: shida iko mashambani, mjini tuko sawa.

Ngoja kidogo. Hayo "maji ya msingi" ni yepi?

Masharti yake ni mawili tu. La kwanza, maji yatoke mahali palipoboreshwa: bomba, kisima kilichofunikwa na kulindwa, chemchemi iliyolindwa, au maji ya mvua. La pili, kwenda, kupanga foleni, kuteka na kurudi visizidi dakika 30. Basi. Hapo haulizwi kama maji yana chumvi. Haulizwi kama yanatoka kila siku au Jumanne moja kwa mwezi. Bei pia haimo. Na tangu 2017, hata maji ya kuletewa na lori au mkokoteni yanaingia katika kundi hilo la chanzo kilichoboreshwa.

Umeona? Kijana wa mkokoteni akikuletea mitungi mlangoni, safari yako ni dakika sifuri. Kwa kipimo hicho umefaulu. Hongera.

Si kwamba wapimaji ni wajinga. Wana ngazi ya juu zaidi, ile ya maji yanayosimamiwa kwa usalama, na hapo masharti ni matatu: maji yawe nyumbani kwako, yapatikane unapoyahitaji, na yawe hayana uchafu wa kinyesi wala kemikali zenye madhara. Katika hesabu ya 2022, watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa wamefikia ngazi hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema mtaa fulani "una maji", muulize kwanza: una maji ya ngazi ipi?

Maji ya mji hutoka kijijini

Kuna kichekesho kimoja cha Mombasa ambacho hatukichekelei. Tumezungukwa na maji pande zote, lakini karibu kila tone tamu la bomba tunaagiza kutoka kaunti za watu.

La mbali zaidi linatoka Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kaunti ya Taita Taveta. Mvua inanyesha kwenye milima ya Chyulu, inapenya kwenye miamba ya volkano, inachujwa humo, kisha inatokea Mzima ikiwa safi mpaka watalii wanawatazama viboko wakiogelea chini ya maji. Kutoka hapo bomba lililojengwa miaka ya 1950 huteremka takriban kilomita 220 mpaka matangi ya Mazeras, na sehemu kubwa ya safari hiyo inasukumwa na mwinuko wa ardhi tu. Kutoka Mazeras maji hushuka kupitia upande wa Changamwe kwenda kisiwani.

Wa Kisauni, maji yako mengi yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Haya lazima yasukumwe na pampu. Umeme ukikatika Baricho, mfereji wako wa Mtopanga unajua kabla hujasikia kwenye redio. Nawe wa Likoni unategemea Kwale: visima vya Tiwi, na chemchemi ya Marere katika Shimba Hills, ambayo imekuwa ikiinywesha Mombasa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita.

Sasa fikiria kijiji kilicho kando ya bomba la Mzima. Bomba linapita, unalisikia likinguruma, lakini mama anabeba ndoo kwenda kutafuta maji kwingine. Wakazi na viongozi wa Taita Taveta wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maji yao yanakwenda Mombasa nao wanabaki na kiu. Na wewe wa Chaani unalalamika kwamba bomba linapita upande wako kwenda kwingine. Mnalia kilio kimoja. Tofauti ni kwamba yeye ameandikwa mtu wa mashambani, nawe umeandikwa mtu wa mjini.

Na hata hayo yanayofika hayatoshi. Jiji linahitaji takriban lita milioni 200 kwa siku, na linachopata hakifiki theluthi ya hizo. Juu ya hapo, karibu nusu ya maji yanayoingizwa kwenye mabomba hupotea kabla ya kulipiwa: mabomba makuukuu yanayovuja, mita zisizosoma, na watu wanaojiunganishia usiku. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mombasa yanamwagika kila siku, chini ya ardhi, hata hatuyaoni.

Chumvi inatoka wapi?

Mfereji ukikauka, mtu wa bara anageukia kisima. Hapa ndipo utasikia ile lugha yetu ya maji matamu na maji ya chumvi. Ya chumvi ni ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogea, ukijua nywele zako zitashikana kama kamba. Matamu ni ya kunywa na kupikia.

Lakini umewahi kujiuliza kwa nini kisima kilichokuwa kitamu wakati wa nyanya leo ni cha chumvi?

Ardhi ya pwani yetu ni matumbawe ya kale na mchanga. Maji ya mvua hupenya kwa urahisi, na kwa sababu ni mepesi kuliko maji ya bahari, hukaa juu yake huko chini kama mafuta yanavyokaa juu ya maji. Kanuni ya wataalamu ni hii: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Inaonekana ni akiba kubwa, si ndiyo? Ila kanuni hiyo hiyo inarudi kinyume. Mkivuta mpaka maji ya juu yakashuka mita moja, chumvi ya chini inaweza kupanda kama mita 40. Kila ploti ikichimba kisima chake na kuweka pampu, jirani zote mnanyonya kwenye glasi moja. Mwisho mnanyonya bahari.

Chumvi angalau unaionja. Kilicho kibaya zaidi hukionji. Nyumba nyingi za bara hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zina choo cha shimo au tangi la kinyesi, na ploti ni ndogo: choo nyuma, kisima mbele, pengine hatua kumi katikati. Inashauriwa kuwe na angalau mita 30. Katika matumbawe yenye nyufa na mchanga mwepesi, kinachoingia shimoni hakikai shimoni. Watafiti walipopima visima vya Kisauni na kisiwani miaka ya 2000, walikuta bakteria wa kinyesi katika vingi. Maji yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu, na bado yakakulaza hospitalini. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ulitukumbusha hilo kwa uchungu.

Na chumvi yenyewe si ladha mbaya tu. Huko Bangladesh (nasema ile nchi, si ule mtaa wetu wa Jomvu) watafiti wamehusisha maji ya kunywa yenye chumvi nyingi na shinikizo la damu, hasa kwa wanawake wajawazito wa pwani. Kama mamako anatumia dawa za presha na nyumbani mnanywa maji ya kisima cha chumvi, hilo ni jambo la kumwambia daktari.

Asiye na mfereji ndiye analipa zaidi

Tuje kwenye doo, maana hapo ndipo roho inapouma.

Bei ya mtungi wa lita 20 hubadilika kama hali ya hewa. Mfereji ukitoka mtaani, utaupata kwa bei ndogo. Mfereji ukikatika wiki nzima, mkokoteni unakuuzia 20, 30, hata 50. Sisi tuchukue 20, tusiambiwe tumetia chumvi. Hiyo ni shilingi moja kwa lita. Kwenye bili ya kampuni ya maji, uniti moja ni lita 1,000. Kwa hiyo wewe wa mitungi unanunua uniti moja kwa shilingi 1,000. Mwenye bomba, uniti hiyo hiyo hailipii hata robo ya pesa hizo.

Umoja wa Mataifa unasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na usafi. Tuchukue 50, familia ya watu watano: lita 250 kwa siku. Kwa bei ya mkokoteni ni shilingi 250 kila siku, 7,500 kwa mwezi. Kwa mitaa mingi ya bara hiyo ni kodi ya chumba, na kwingine inabaki chenji. Kipimo kingine kinasema maji yasizidi asilimia 3 ya mapato ya nyumba. Ili 7,500 iwe asilimia 3, lazima nyumba yenu iingize 250,000 kwa mwezi. Nani huyo, na kama yupo, mbona anakaa kwenye foleni ya mitungi?

Ndiyo maana hakuna anayenunua lita 250. Watu hununua mitungi mitatu au minne, mengine yanakuwa ya chumvi, na mengine yanakuwa hayapo. Unaogea nusu ndoo, na maji uliyofulia unayatumia chooni. Msichana aliye katika siku zake anapiga hesabu ya maji kabla ya kuamua kama atakwenda shule. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na sisi tushazoea kuwa chungu.

Usimlaumu kijana wa mkokoteni. Anasukuma mitungi juani, matairi yamepasuka, mlima wa Likoni unamsubiri, naye jioni anakwenda nyumbani ambako pia hakuna mfereji. Hiyo ni hasla halali. Lawama ni ya mpango unaomfanya asiye na kitu alipe mara nne ya mwenye nacho.

Ahadi tunazo, mitungi tunayo

Tusiseme hakuna mipango. Ipo. Mwaka 2018 na 2019, wakati wa Gavana Hassan Joho, kaunti ilitangaza mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari: mmoja wa kaskazini, wa lita milioni 100 kwa siku, na mwingine wa Likoni, wa lita milioni 30. Bomba la pili la Mzima limeahidiwa na serikali moja baada ya nyingine. Na kuna Bwawa la Mwache kule Kinango, Kwale, linalogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambalo likikamilika linatarajiwa kutoa lita milioni 186 kwa siku kwa ajili ya Mombasa na Kwale.

Ni habari njema. Lakini angalia: bwawa linaongeza maji kwenye bomba kubwa. Halizibi bomba linalovuja Magongo, wala halifikishi mfereji Shika Adabu. Ukimimina maji kwenye ndoo iliyotoboka, ukiongeza maji unaongeza na mvujo. Kwa hiyo mwanasiasa akija mtaani na hadithi ya bwawa, msikilize kwa adabu, kisha umuulize kuhusu bomba la mita 300 kutoka barabarani mpaka kwenu.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, linda tumbo lako leo. Maji ya kisima au ya mkokoteni usiyanywe hivi hivi. Yachemshe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, au tumia dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Huna gesi wala dawa? Jua la Mombasa ni la bure: jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, uilaze juani saa sita, siku ya mawingu, iache siku mbili. Bakteria wengi watakufa. Kumbuka tu kwamba kuchemsha hakuondoi chumvi.

Pili, tazama paa lako. Bati la mita tano kwa sita, kila milimita moja ya mvua inakupa kama lita 30. Mvua moja nzuri ya masika ya milimita 20 ni lita 600, mitungi 30 hiyo. Acha maji ya mwanzo yasafishe bati, kisha kinga. Si jambo jipya: ndani ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kuna birika la kuvunia maji ya mvua. Miaka zaidi ya 400 baadaye, masika ikija, sisi tunatazama mvua ikikimbilia baharini huku tumeshika mitungi mitupu.

Tatu, uliza, tena kwa maandishi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kugawa maji ni jukumu la kaunti, na kampuni ya maji ya Mombasa ni ya kaunti. Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuandika barua kuomba ratiba ya mgao wa maji ya mtaa wako, na ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Barua moja ya kijana mmoja wanaweza kuitupa. Barua ishirini kutoka mtaa mmoja ni vigumu.

Nne, fika kwenye kikao cha bajeti. Kila mwaka makadirio ya kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla hayajapitishwa lazima wananchi wasikizwe. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wazee na viti vitupu. Nenda na namba, si kelele: "Kwetu maji yalitoka siku nne mwezi uliopita. Foleni ni dakika 70. Mtungi ni shilingi 30." Namba hizo hakuna wa kukukanusha, kwa sababu wewe ndiye uliyezihesabu.

Kuzihesabu ni rahisi. Chukua simu yako, fungua sehemu ya kuandikia, na kwa mwezi mmoja andika mambo manne kila siku: maji yalitoka au hayakutoka, dakika ulizotumia, matamu au chumvi, na shilingi ulizolipa. Mwambie shogako wa Junda afanye hivyo, na binamu yako wa Timbwani, na rafiki yako wa Port Reitz. Mwisho wa mwezi mtakuwa na kitu ambacho ile asilimia 87 haina.

Na kesho saa kumi na moja alfajiri, dirisha likigongwa, amka uende, maana maji hayangoji mtu. Ila ukifika kwenye foleni, kabla hujauweka mtungi wako nyuma ya ile thelathini na kitu, tazama saa. Iandike.